Swali la Tisa

Mkongoroni, Chemba
11 Novemba 2024

Marselina,

Sianzi barua hii kwa kusema mimi ni mzima, maana neno hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Cheti chako kimefika. Konda wa basi alikishusha sokoni kikiwa ndani ya bahasha ngumu yenye muhuri wa ofisi yenu, na wazee wenzangu wakataka nikifungue palepale. Mwalimu mkuu akasoma kwa sauti kwamba Koplo mstaafu Tadeo, aliyepigana vita vya Kagera, anapongezwa kwa kuwa na afya njema majuma kumi mfululizo. Wakanipigia makofi. Mimi nilikuwa nimebana miguu. Walipomaliza nilikwenda nyuma ya choo cha shule, nikasimama huko karibu nusu saa, yakatoka matone.

Ndiyo, binti yangu. Mkojo hautoki, tangu Julai. Nakuandikia jambo hili kwa sababu karatasi haina macho, mama yako ameshatangulia na kaka yako Nathan yuko machimboni Geita. Kukupigia siwezi. Mtandao unapatikana juu ya lile jiwe tu, na pale kila anayengoja zamu yake anasikia. Tumbo la chini limekaza, kiuno kinawaka, na suruali zangu nazifua mwenyewe nikisema napenda kufua.

Zamani, kila baada ya miezi sita, sisi askari wastaafu tulikwenda Dodoma. Ulikuwa unaingia kwa daktari mwanaume, anafunga mlango, unamwambia. Mradi wenu umefuta safari hiyo, mkatuletea kishikwambi. Kila Jumatatu naulizwa maswali kumi na tano, majibu yanakwenda kwenu, na anayetokea rangi nyekundu ndiye anayefuatwa na gari. Sawa. Lakini anayeniuliza ni nani? Ni mke wa kaka yako. Swali la tisa linasema: je, unapata shida wakati wa kukojoa? Nimwambie nini mkwe wangu? Nasema hapana. Naye anaandika hapana, na ninyi huko mnaona kijani, mnachapisha vyeti.

Zahanati yetu haina nesi tangu alipohamishwa Agosti. Kituo cha afya cha ng'ambo ya korongo nilikwenda, nikaambiwa wastaafu wanaanzia kwenye mfumo.

Huo mfumo unaushika wewe. Niandike nyekundu, gari lije. Nimemaliza.

Baba yako,
Tadeo


Ipagala, Dodoma
19 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa ofisini na ikabidi nitoke nje. Nimelia, halafu nimekasirika, na sasa naandika nikiwa bado nina hasira. Naomba unisamehe kabla hujafika chini.

Baba, miezi mitano unaumwa na kila Jumatatu unasema hapana. Mimi nakaa hapa mbele ya kompyuta nikiona jina lako la kijani, najisemea kwamba angalau baba yangu yuko salama. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu. Cheti kile niliomba mimi kiandikwe. Kwa nini ulinidanganya?

Kukuandika nyekundu siwezi. Mfumo unahifadhi jina la kila aliyegusa jibu, na saa aliyoligusa. Mwenzangu mmoja alimpandisha mjomba wake gari la rufaa bila jibu kutoka kijijini, na sasa yuko nyumbani kwao Nkuhungu hana kazi. Mimi ni binti yako, kila mtu hapa anajua, na wanasubiri tu nikosee.

Lakini dawa yake ni ndogo. Jumatatu ijayo ukifika swali la tisa, sema ndiyo. Neno moja tu Baba, huhitaji kueleza. Wifi Jenifa ni mhudumu bora kuliko wote wilayani, na aliyempendekeza ni mimi. Amefundishwa kutunza siri. Akiwa na kile kishikwambi mkononi hakuoni kama baba mkwe, anakuona kama mgonjwa.

Na kama hilo ni gumu, panda basi Jumamosi. Nitakupokea stendi, nikupeleke hospitali mwenyewe.

Binti yako,
Marselina


Mkongoroni
28 Novemba 2024

Marselina,

"Hakuoni kama baba mkwe." Sentensi hiyo nimeisoma mara nne nikitafuta ni nani aliyekulea.

Ngoja nikueleze hiyo Jumatatu ilivyo, maana wewe uliandika maswali ukiwa umekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Tunakaa chumba cha zahanati. Mke wa kaka yako anakaa karibu na mlango, amenipa ubavu, kitenge amekivuta hadi kwenye paji la uso. Mimi natazama ukuta. Huyu ni mwanamke ambaye tangu aolewe hatujapeana mkono. Akileta ugali anauweka, anaondoka, ndipo mimi nakaa. Sasa anasoma: unakohoa? Hapana. Kifua kinauma? Hapana. Akifika la nane sauti inaanza kupungua. La tisa halisomi. Anasema tu, "La tisa, Baba?" nami nasema hapana kabla hajameza mate. Anaandika haraka. Sote wawili tunashukuru limepita.

Unasema neno moja tu. Nikisema ndiyo, kishikwambi chako kinafungua mengine. Najua, mzee mwenzangu Obedi alibonyeza kwa bahati mbaya. Kinauliza mara ngapi kwa siku, kuna damu, kinauliza na mambo ya mume na mke. Hayo mkwe wangu anisomee, nimjibu, kisha aende akanipikie?

Na si mimi peke yangu. Hapa kijijini tuko sita tuliotoka Kagera, na wote ni ukoo mmoja, kwa hiyo yule binti ni mkwe wetu sote sita. Sasa fikiria kidogo, wewe uliyesoma. Mlisema mhudumu awe mwanamke mkazi wa kijiji. Mwanamke mkazi wa kijiji ni nani? Mabinti zetu wanaolewa mbali, kama ulivyoondoka wewe. Wanaobaki ni wake za watoto wetu. Mmezunguka wilaya nzima mkichagua wakwe, mkawapa kazi ya kuwauliza baba wakwe zao habari za mkojo. Tena bila aibu mnaita maendeleo.

Basi lako silipandi. Kwanza ni safari ya saa tano, na dereva hasimami kila baada ya dakika kumi kwa ajili ya mzee. Pili, Yotham ana hali mbaya kuliko yangu, miguu imevimba na hali chakula. Nilikwenda vitani na Yotham, nikarudi na Yotham. Sitakwenda kulala kwenye kitanda cha hospitali kwa sababu nina binti ofisini, yeye abaki hapa na kijani chake.

Tuma mwanaume mwenye kuuliza. Akae na sisi, afunge mlango. Hilo tu.

Tadeo


Ipagala
6 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Nimekwenda kwa mkuu wa mradi, Bwana Geofrey, nikamweleza. Amesema wahudumu watapangwa upya Julai mwakani, na kwamba hawezi kubadilisha utaratibu wa wilaya kwa ajili ya mila za kijiji kimoja. Akaniuliza kama kuna kingine.

Kwa hiyo nimefanya nilichoweza. Sasa zamu yako.

Baba, hii siyo vita. Hakuna adui hapa. Kuna ugonjwa ambao hospitali wanautibu kila siku, na kuna mzee mmoja mbishi ambaye yuko tayari kufa kuliko kutamka neno mbele ya mke wa mwanawe. Unanichagulia mimi niishi na jambo hilo maisha yangu yote? Mama alipofariki uliniambia umebaki na mimi na Nathan. Nathan hashiki simu wiki nzima. Nimebaki mimi, na mimi unanigombeza kwa sababu ya kiti cha kuzunguka.

Mchukue mzee Yotham mje wote wawili. Nitamlaza kitandani kwangu, mimi nitalala sebuleni. Ila pandeni basi. Kama hamtaki kupanda basi, na hutaki kujibu swali, naomba usiniandikie tena habari hizi, maana zinaniumiza na sina la kufanya nazo.

Marselina


Mkongoroni
17 Desemba 2024

Marselina,

Yotham tumemzika Jumamosi.

Uliposema tupande basi nilimsomea barua yako. Alicheka. Alisema mwambie binti yako mimi sipandi hata punda. Alikuwa hawezi kukaa, Marselina. Alikuwa analala upande mmoja amekunja magoti, tumbo limejaa kama la mama mjamzito, na mkewe anamkanda kwa kitambaa cha moto. Siku mbili za mwisho alikuwa anaita majina ya watu ambao tuliwaacha kule kule Kagera. Mimi nilikuwa naitika kwa niaba yao.

Sasa sikiliza. Jana mjane wake alipanda kwenye jiwe kuwapigia ndugu wa Kondoa, na ile simu ya marehemu ilipopata mtandao ukaingia ujumbe wenu. Hajui kusoma, akaniletea. Umeandikwa: "Hongera Mzee Yotham. Wiki hii uko salama. Endelea kunywa maji ya kutosha."

Mama wa watu amesimama mbele yangu na kitambaa cheusi kichwani, ananiuliza wanasemaje. Nikamwambia ni watu wa mtandao wa simu, wanataka anunue vocha.

Wewe uliniambia hakuna adui hapa. Mimi adui nimeshawahi kumwona. Alikuwa na bunduki, na alijua mimi niko wapi. Ninyi hata hamjui kama mtu amekufa.

Umesema nisikuandikie tena. Hii ndiyo ya mwisho.

Koplo mstaafu Tadeo


Dodoma mjini
23 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Hata kama hutajibu, soma.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Jioni ile sikurudi nyumbani. Nilitoa kwenye mfumo majibu yote ya swali la tisa, wilaya nzima, tangu tuanze. Wanaume mia tatu na kumi na wanane, wote wamevuka miaka sitini. Hapana, hapana, hapana. Hakuna ndiyo hata moja Baba, katika majuma kumi na saba. Nilikuwa nazo siku zote kwenye kompyuta yangu. Kila mwezi nilizichora ule mchoro wa kijani, nikaupeleka mbele, na hakuna hata siku moja niliyojiuliza inawezekanaje.

Leo asubuhi nilimpelekea Bwana Geofrey. Akasema hayo ndiyo mafanikio yenyewe, ameshayaweka kwenye taarifa ya mwaka. Mbele ya watu wote nikamuuliza kama baba yake ana tezi dume. Nikamuuliza pia kama mkewe ndiye anayemkagua baba huyo. Sijawahi kupaza sauti ofisini. Wengine walitazama chini, na yeye akaniambia niende nikapumzike sikukuu.

Sipumziki. Kuna tabibu wetu anaitwa Seth, mtu mzima, mwenyeji wa Kongwa. Alikuwa mkutanoni, akanifuata nje. Ijumaa tarehe ishirini na saba atafika kwenu na gari la ofisi na kishikwambi chake mwenyewe. Fomu ya kutoa gari nimesaini mimi, bila ruhusa. Likinitokea la kunitokea, acha litokee.

Atakaa chumba cha zahanati, atafunga mlango. Mwambie mzee Obedi, waambie na wa vijiji jirani. Gari lina viti saba vya wagonjwa. Litawapeleka Dodoma, kisha litarudi kuchukua wengine.

Baba, uwe kwenye safari ya kwanza. Ukitaka kunichukia nichukie ukiwa kitandani hospitali. Nakuomba sana.

Binti yako,
Marselina


Mkongoroni
4 Januari 2025

Wifi Marselina,

Sijaandika kukusalimia. Najua umeshasikia kwamba Baba yuko hospitali huko kwenu, ila najua pia hakuna atakayekwambia alifikaje, maana yeye hatasema na waliobaki hawakuwepo. Nilikuwepo mimi.

Tabibu Seth alikuja kama ulivyosema. Wazee walijipanga nje ya zahanati tangu asubuhi, na mimi niliondoka nikaenda kisimani nisiwepo. Nasikia walikuwa wanatoka humo ndani wakicheka kama vijana. Ishirini na watatu walisema ndiyo. Jumamosi gari likajaza saba. Jina la Baba lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya tabibu. Baba mwenyewe akalikata. Akamweka Obedi, akasema koplo hapandi kabla ya watu wake, atakwenda safari ya pili.

Jumapili ikanyesha. Korongo likajaa, gari likakwama ng'ambo, na safari ya pili haikuwepo.

Jumanne mchana nilipeleka chakula nikakuta amelala chini ameuma kona ya blanketi. Matone yalikuwa yamekata kabisa tangu jana yake. Kaya nzima ilikuwa mimi na yeye na watoto, wanaume wako mashambani wanawahi mvua. Nikaita bodaboda, Edward. Tukamkalisha katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Nimemshika baba mkwe wangu kiuno, wifi. Tulipofika korongoni Edward akazima pikipiki, akasema maji yanafika kifuani, chombo chake hakiingii, na yeye haogelei.

Nikamwambia Baba panda mgongoni. Akakataa. Akaniambia, "Niache hapa mwanangu, urudi kwa watoto." Hiyo ndiyo mara ya kwanza ananitazama usoni tangu niolewe. Nikainama, nikamvuta mikono, nikambeba kama mtoto, nikaingia. Yule mzee ni mwepesi, hujui alivyokwisha. Katikati ya maji nikasikia vuguvugu mgongoni, kidogo tu. Nikajua ni nini. Na yeye akajua kwamba nimejua. Alilia mpaka tukatoka ng'ambo, alikuwa anaomba msamaha kwa kilugha chetu, anarudia rudia, na mimi sina hata mkono wa kumnyamazisha.

Pale kituo cha afya wakaanza habari za mfumo. Niliwaambia mfumo ni mimi, ndiye huyu hapa aliyelowa, fungueni mlango. Wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Ilitoka ndoo ndogo, kisha wakampeleka Dodoma kwa gari.

Sasa nikuulize. Tarehe kumi na mbili Septemba, kabla ya hicho cheti, kabla Yotham hajaumwa vibaya, mimi nilikutumia ujumbe. Nilisema wifi, naomba nibadilishane na mhudumu wa kijiji kingine, hapa wote ni wakwe zangu, hawasemi ukweli kwangu. Nimeutunza. Na jibu lako nimelitunza: "Wifi, hayo mambo ya ukwe tuyaache, tuko karne nyingine. Kazi njema." Ukaweka na kile kikatuni kinachocheka.

Mimi nilifanyaje? Jibu siwezi kuacha wazi, kishikwambi hakikubali. Kuandika ndiyo siwezi, hajasema. Suruali zake nilikuwa naziona kwenye kamba asubuhi. Nilijua tangu Agosti. Kila Jumatatu niliandika hapana nikijua ni uongo, nikamaliza, nikaenda kumpikia. Yotham naye nilimwandikia hapana nikimwona hawezi kuketi. Hilo nalibeba mimi, silikupi wewe. Lakini la Septemba ni lako, na Baba halijui. Anafikiri hakuna aliyekwambia mapema. Mwambie. Mimi siwezi kuongea naye tena.

Kishikwambi chenu nimekifungia kwenye kabati la zahanati. Tafuteni mwingine.

Jenifa


Ipagala
15 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Nilikuja wodini siku nne mfululizo na siku zote nne uligeukia ukutani. Siku ya tano nikakuta kitanda kimetandikwa, nikaambiwa umeruhusiwa urudi kusubiri tarehe ya upasuaji, na kwamba ulipanda gari la Chemba bila hata kupita kwangu. Ni dakika kumi tu kutoka pale, Baba.

Ofisini nimesimamishwa kwa sababu ya gari. Hilo nimeliandika ulijue tu, silalamiki. Wale ishirini na wawili wengine wote wamefika hospitali, na Seth anaendelea na vijiji vingine. Bwana Geofrey hawezi tena kumzuia, maana majibu yameshaonekana juu.

Kuna jambo ambalo sikukuambia. Wewe ulinilaumu kwa kutokujua. Mimi nilijua. Wifi Jenifa aliniambia mwezi wa tisa. Aliomba aondolewe hapo kijijini kwa sababu ninyi wote ni wakwe zake na hamsemi ukweli mbele yake. Nilimjibu kwa mzaha. Niliona haya Baba, hiyo ndiyo kweli. Mtu wa kwetu anaomba abadilishiwe kazi kwa sababu ya mambo ya ukwe, nami nikaogopa wale wa ofisini wakijua watanicheka, wataona mimi bado ni yule msichana wa Mkongoroni. Nikamnyamazisha. Ulipoandika Novemba nikakumbuka ujumbe wake, na bado nikakuambia wewe ndiye mbishi.

Angehamishwa Septemba, mzee Yotham angekuwa hai. Nawe usingevushwa lile korongo vile.

Sijui nikuombe nini. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Marselina


Mkongoroni
24 Januari 2025

Marselina,

Nilikusudia nisikuandikie. Obedi amenilazimisha, amekaa hapa anangoja nimalize.

Daktari alisema figo moja imekufa, ya pili inajitahidi. Upasuaji ni Februari. Natembea na mpira na kichupa chake nimekifunga pajani, na watoto wa Nathan wanadhani ni kitu cha kijeshi.

Nimesoma ulichoandika. Sitasema si kitu, maana ni kitu. Nilikuwa na hasira na mashine, na wakubwa zako, na mtu nisiyemjua. Hasira hiyo nilikuwa naiweza. Hii ya sasa siiwezi. Mkwe wangu alikuja kwako na ukweli mkononi ukamcheka, halafu ukakaa kimya ukiniacha nitukane hewa.

Sasa umeuliza ufanye nini. Nitakuambia, nawe usinijibu kwa barua.

Tangu nirudi, mke wa kaka yako hatoki nikiwepo. Anapika, anaweka chakula mlangoni, anakimbia. Mimi siwezi kukila. Wewe umesahau kwa nini, basi nitakukumbusha. Mkwe akishagusana hivyo na baba mkwe, chakula hakipiti kati yao mpaka achinjwe kondoo na maneno yasemwe mbele ya wazee. Kwa hiyo natoka na mpira wangu, napita njia ya nyuma hadi kwa Obedi kula huko, na yule binti anatazama sahani inarudi ilivyo. Watu wameanza kusema. Wanasema alinibeba, wanaongeza na yasiyokuwepo. Aliniokoa, na sasa anatembea ameinamisha kichwa katika kijiji alikonizalia wajukuu.

Wazee wamekaa kuamua kondoo anatolewa na nani. Wengine walisema mimi, kwa kuwa ndiye niliyebebwa. Wengine wakasema yeye. Nikasimama nikawaambia si mimi na si yeye. Kondoo ni wa Marselina.

Mlete mwenyewe. Usimtume mtu, usitume kwa simu, usimwagize Nathan. Ushuke naye sokoni na umwongoze kwa kamba, watu wakuone, wakuulize unakwenda wapi na kondoo, na wewe uwajibu kweli.

Ukifika nyumbani usije kwangu. Nenda mlangoni kwa Jenifa. Ndiyo, nimelitaja jina lake, ingawa jina la mkwe halitajwi, na nitalitaja mbele ya wazee pia. Piga magoti umwambie alikuambia mapema ukamcheka, na umwambie la Yotham asilibebe peke yake. Mimi nitakuwa nimekaa nje ya ukuta na wazee, nasikiliza. Nikiona umesema vizuri, kondoo atachinjwa, kisha nitaingia na kumwomba anipakulie chakula.

Baba yako,
Tadeo